Kula Si Lazima

Mpaka leo Lewa hawezi kukwambia mkono wake uliondoka saa ngapi. Anakumbuka ulipokuwa kwanza: chini ya kidevu, umetulia, kama alivyofundishwa. Kisha anakumbuka ulipokuwa baadaye: juu ya ubao, umeshika ngome yake, na ngome ya mgeni imeshalala pembeni. Hapo katikati hana habari napo, na amejaribu kupatafuta mpaka kichwa kikamuuma.

Lakini tuanze na alivyokuwa anashinda, maana alikuwa anashinda kweli, na hilo hakuna wa kumnyang'anya.

Ilikuwa raundi ya nne ya mashindano ya sataranji, siku ya Jumapili, katika ukumbi wa hoteli moja ya Shanzu. Lewa ni dereva wa foklifti katika yadi ya makontena kule Changamwe, mkaazi wa Mjambere, mwanamume wa miaka arubaini na mmoja. Siku hiyo alikuwa amevaa shati lake la kanisani na amepangiwa kucheza na Grandmasta. Kwa asiyejua, hicho ndicho cheo cha juu kabisa anachoweza kupewa mchezaji wa sataranji, na huyu alikipata Lewa akiwa bado hajaota ndevu. Alikuwa mzee mwembamba kutoka Ulaya, amejifunika sweta kwa ajili ya baridi ya mitambo ya ukumbini, na kila aliposogeza kete aliinamisha kichwa kidogo, utadhani anaomba radhi.

Wenzake Lewa walishampa pole tangu asubuhi. Sasa wakajionee: kufikia hatua ya thelathini, Grandmasta alikuwa amevua sweta. Lewa alikuwa amemzidi farasi mzima na askari wawili, na mmoja wa askari hao alibakisha hatua mbili tu afike mwisho wa ubao ageuke malkia. Watu waliacha michezo yao wakaja kusimama nyuma ya kamba. Wa mbele kabisa alikuwa Mwalimu Mueni, amejikumbatia kwa mikono miwili, midomo ikimcheza kama anayesali. Pengine alikuwa anasali kweli.

Huyu Mueni ni mama wa Kikamba, mwalimu wa hesabu, na amekaa Kisauni miaka mingi hata kwao wanamwona mgeni akirudi likizo. Kila Jumamosi hufundisha sataranji katika ukumbi wa kanisa pale Mjambere, bila kulipwa na mtu. Lewa aliingia kwake miaka sita iliyopita akitokea kwenye drafti, na hapo ndipo penye kisa chenyewe.

Pale wanapoegesha malori Changamwe, madereva wakisubiri mizigo, drafti huchezwa kwa vifuniko vya soda juu ya kipande cha mbao, na ina sheria isiyo na mjadala: kula ni lazima. Ukiwekewa kete ya kuliwa, unakula, hata kama unaona wazi kwamba ni mtego. Usipokula, mwenzako anaiokota kete yako iliyogoma, anaipuliza mbele ya watu, anaitia mfukoni, na utachekwa mpaka jua lizame. Lewa alikuwa bingwa wa mahali pale kwa miaka kumi na mitano. Kula kulikuwa kumemwingia mkononi, akili haikuwa na kazi tena.

Sataranji haitaki hivyo. Katika sataranji unaweza kuiacha kete ya bure ikae hapo mpaka ichoke. Mueni alihangaika na mkono ule. Alikuwa akimtegea kete za bure makusudi, na kila Lewa aliponyoosha vidole alimgusa kwa rula, akamwambia, "Kula si lazima." Mwishowe ikawa ndiyo salamu yao. Kabla ya kila mchezo alimtaka alitamke neno hilo mwenyewe, na hata asubuhi ile, mlangoni mwa hoteli, Lewa alilitamka. Alilisema akicheka, maana miaka sita ni mingi na alijiona ameshapona.

Basi Grandmasta, baada ya kufikiri karibu nusu saa, aliiinua ngome yake ya mwisho akaiweka katikati ya ubao, wazi kabisa, haina mlinzi, mbele ya ngome ya Lewa. Nayo ngome ya Lewa ilikuwa na kazi moja tu duniani, kulinda mstari wa nyuma alikojibanza mfalme wake, amefungiwa na askari wake mwenyewe watatu. Ngome ile ikitoka, mstari unabaki mtupu. Mwanafunzi yeyote wa Jumamosi angeliona hilo. Lewa mwenyewe aliliona, na hili ndilo linalomla mpaka leo. Macho yaliona, mkono ukala.

Na ukishagusa kete umecheza, hakuna kurudisha.

Grandmasta aliutazama ubao kwa muda, kama mtu aliyeokota kitu njiani, anangoja kama mwenyewe atarudi. Lewa alijua. Jasho jembamba lilimtoka na baridi yote ile. Wakati huo, ngome imeshaliwa na saa ya mchezo imeshabonyezwa, ndipo alipopita msichana wa chai.

Alikuwa na sinia, na nguo ya kazi iliyompwaya mabegani. Aliweka kikombe upande wa kulia, mbali na ubao, akasema kwa sauti ya chini, "Chai, baba," akaenda zake meza nyingine. Lewa akamshukuru. Hata akainywa, kwa kuwa koo lilikuwa limekauka, na ilikuwa chai nzuri yenye tangawizi. Alikuwa amefika nusu ya kikombe pale malkia wa Grandmasta aliposhuka hadi mstari wa nyuma. Mfalme akawa hana pa kwenda. Mchezo ukaisha.

Yule mzee hakushangilia. Alimpa mkono, akamwambia kwa Kiingereza cha polepole kwamba yeye alikuwa ameshashindwa, na ile ngome aliiweka pale kwa kukata tamaa tu. Kisha akamuuliza, kwa heshima zote, kwa nini ameila. Lewa alitabasamu kama mtu asiyejua lugha.

Mueni akafika. Uso wake ulikuwa umemshuka, na alipouliza imekuwaje, hakuuliza kwa ukali, aliuliza kama anayeuliza habari za mgonjwa. Hapo Lewa alihitaji neno moja tu: nilikula. Mambo yangeisha palepale, Mueni angeumia siku mbili, Jumamosi angetoa rula yake. Lakini neno hilo halikutoka. Miaka sita ya Jumamosi za mwalimu ilikuwa imesimama mbele yake, na aliona haya kumwambia kwamba haikuzaa kitu. Alikwepesha macho, yakatua juu ya kikombe.

"Yule wa chai," alisema.

Haikuwa hata sentensi. Mueni ndiye aliyeimalizia. Aliuliza kama msichana alimgusa, na Lewa akasema kidogo. Akauliza wapi, Lewa akasema kwenye kiwiko. Refa alipoitwa na kuuliza upya, ule uongo ulirudi umevaa viatu: sasa msichana alikuwa amemgonga kiwiko wakati mkono uko juu ya ubao, na kete iliyoguswa siyo aliyokusudia.

Refa alisikitika, akasema matokeo hayabadiliki. Mueni hakukubali yaishe hivyo. Aliandika malalamiko ukurasa mzima kwa mwandiko wake wa ubaoni, akampelekea msimamizi wa ukumbi. Lewa alipokuwa akitoka alimwona yule msichana amesimama ukutani, sinia tupu amelikumbatia kifuani, anasemeshwa na msimamizi karibu na uso. Lewa alitazama viatu vyake mpaka akafika getini.

Wiki ile alikuwa mtu mkubwa. Yadini walimpokea kwa mikono miwili. Munga, mwenzake wa zamani wa drafti, aliwasimulia madereva wote jinsi Lewa wetu alivyomkamata mzungu shingoni, na jinsi mwanamke wa chai alivyotuharibia. Picha ya ubao ilizunguka kwenye simu za watu, na chini yake maneno ya kumlaani mtu ambaye hakuna hata mmoja aliyejua jina lake. Lewa hakuwahi kusifiwa namna hiyo kwa kushinda. Kila aliyempa pole alimwongezea mzigo, naye alizipokea pole zote, moja baada ya nyingine, akiitikia kwa sauti ya mgonjwa. Mkewe alipomwekea chai asubuhi, aliomba maji. Alijifariji kwamba hoteli kubwa kama ile haiwezi kumwadhibu mtu kwa ajili ya kiwiko. Alijifariji hivyo Jumatatu, Jumanne, na Jumatano, na ilipofika Alhamisi faraja yenyewe ilikuwa imechakaa.

Jumamosi, baada ya darasa, Mueni alimwita kando akamwambia kwamba hoteli imejibu. Wamemwondoa yule msichana. Alikuwa kibarua, wamemwambia tu asirudi tena, na nafasi wameshampa mwingine. Mueni alilisema kwanza kwa kuridhika, halafu akawa anapangusa ubao uliokwisha kupanguswa. Alisema hakutaka yafike huko. Alitaka tu msichana aonywe.

Lewa akauliza anaitwa nani.

Anaitwa Mbeyu, wa Mwakirunge, Mueni alishauliza. Lewa akasema anataka kwenda kumwona. Wallahi alikuwa na nia ya kwenda peke yake, lakini Mueni macho yalimlegea, akamwambia kweli wewe ni mtu wa Mungu, wewe uliyeumizwa ndiye unayekwenda kusamehe. Akasema watakwenda pamoja. Njiani alisimamisha bodaboda dukani akanunua sukari kilo mbili na pakiti ya majani ya chai, na Lewa alipoyaona yale majani alitamani pikipiki ianguke.

Kule Mwakirunge, upande wa machimbo, watu huvunja kokoto mbele ya nyumba zao. Kila uwanja una rundo lake la mawe na watu wake wamekaa chini, nyundo mkononi, na mlio wake hauna mwanzo wala mwisho. Walielekezwa nyumba ya mwisho kabla ya shimo. Mbeyu alikuwa amekaa na mama yake, mwanamke mzee aitwaye Sidi, kila mmoja na rundo lake. Yule msichana alipomtambua Lewa aliachia nyundo ikaanguka. Aliinuka, akajipangusa vumbi, akawaamkia shikamoo baba, shikamoo mama, akakimbilia ndani kuleta viti na maji ya kunywa. Mama yake alitazama mara moja, akaendelea na jiwe lake.

Lewa alikuwa amepanga maneno yake tangu Mjambere. Hakupewa nafasi ya kuyatoa.

"Baba, nisamehe," Mbeyu alisema, bado amesimama. "Siku ile tulikuwa tumeambiwa tufanye haraka. Mwanzo niliwaambia sikukugusa. Wakaniambia mwenyewe amesema, na mtu mzima kama yule hawezi kumsingizia mtoto wa watu. Basi nikakaa nikafikiri, nikafikiri, mpaka nikakumbuka. Ni kweli, nilikugusa. Kiwiko cha kulia."

Lewa hakuwahi kumwambia mtu yeyote ni kiwiko kipi.

Mbeyu akaendelea, maana alikuwa na mengi na hajapata wa kumwambia. Mwezi ule alikuwa aandikwe kazi ya kudumu, walikuwa wameshamwambia alete cheti cha kuzaliwa. Sasa majirani wanasema ana mkono wa nuksi, na mama yake hamwachii kushika kitu cha udongo wala cha gilasi. Hakumlaumu mama. Yeye mwenyewe siku hizi akishika kikombe mkono unamtetemeka, akaunyoosha mkono wauone, na kweli ulikuwa unatetemeka.

Mueni machozi yalimlengalenga. Alimwambia basi, mwanangu, yameisha, hata Lewa hana kinyongo, ndiyo maana amekuja. Akaingiza mkono kwenye mfuko kutoa sukari.

Hapo, msomaji, kila kitu kilikuwa kimepangika. Msichana amekiri. Mwalimu ameridhika. Lewa alikuwa na heshima yake nzima mkononi, na alichotakiwa kufanya ni kutikisa kichwa, anywe maji yale, apande bodaboda. Hakuna mtu duniani ambaye angejua, kwa sababu hata yule pekee aliyekuwepo ameshasahau kwamba hakufanya. Lewa aliyatazama maji. Aliona haya kuliko alivyopata kuona maishani, na aliogopa, na kwa mara ya kwanza tangu Jumapili mkono wake ulitulia ukamngoja yeye aamue.

"Hukunigusa," alisema.

Mbeyu alitabasamu kwa adabu, akidhani ni namna ya kusamehe.

"Sikiliza. Hukunigusa. Chai ililetwa mimi nimeshakula."

"Ulikuwa umeshakula, baba?" Mbeyu hakuelewa. "Basi ungeniambia tu, ningeipeleka meza nyingine."

Aliyeelewa ni Mueni. Mkono wake ulibaki ndani ya mfuko wa sukari. Aligeuka taratibu akamtazama Lewa, na Lewa akaona kile alichokimbia ukumbini kikimjia polepole, na kimezidi ukubwa kwa siku sita.

"Ulikula," alisema Mueni.

"Nilikula, Mwalimu. Niliuona mtego, na bado nikala. Huyu alikuja baadaye. Aliweka kikombe mbali, nikamwambia asante, nikainywa."

Mueni aliutoa mkono mfukoni, akakaa akaupakata ule mfuko kama mtu aliyepewa kumshikia mwingine. Baada ya muda alisema kwamba ile karatasi aliiandika yeye, kwa mkono wake, na Jumatatu asubuhi wao wawili watakuwa Shanzu kwa yule msimamizi. Hakumtazama Lewa alipokuwa akiyasema hayo. Alimwambia Mbeyu.

Lakini Mbeyu hakuwa anamsikiliza. Alikuwa bado anaipanga ile habari kichwani, polepole, kama anayehesabu vyombo baada ya wageni kuondoka.

"Kwa hivyo sikukugusa."

"Hukunigusa."

"Na ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Tangu palepale."

"Tangu palepale," Lewa alisema.

Alitegemea Mbeyu alie, au amtukane, na lolote kati ya hayo angelipokea kwa shukrani. Mbeyu aliitazama mikono yake, upande huu na upande huu, kwa kitambo kirefu. Kisha akasema, bila kupandisha sauti, "Kamwambie mama."

Lewa alijikaza akainuka. Alimwendea Sidi, akachuchumaa mbele ya rundo lake la kokoto, akaamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba kwa kusoma midomo. Lewa alisema yale yale aliyokwisha kuyasema, kwa sauti ya chini, kama inavyofaa jambo la aibu. Sidi alisimamisha nyundo, akaweka kiganja sikioni.

"Sisikii, mwanangu," alisema. "Baruti za hapa zimenimaliza masikio. Sema kwa nguvu."

Lewa alitazama nyuma. Mbeyu alikuwa amesimama palepale, hakusogea kuja kumsaidia. Mueni alikuwa ameinamisha kichwa juu ya sukari yake. Basi Lewa akasema kwa nguvu, kwamba mwanao hakunigusa, kwamba nilimsingizia. Kwenye uwanja wa jirani nyundo mbili zilinyamaza.

Sidi alimtazama machoni. Alikuwa amesikia, hilo Lewa aliliona. Hakuuliza kwa nini, wala hakuuliza yeye ni nani hasa. Alinyanyua nyundo yake akaielekeza kule kwa majirani, nyumba ya kwanza, ya pili, mpaka ng'ambo ya shimo.

"Hao wote wamemwita mwanangu nuksi," alisema. "Wanasikia kama mimi, hakuna aliye na nafuu. Simama uwaambie."

Lewa akasimama. Alilitaja jina lake kamili na alikotoka, akalitaja jina la Mbeyu, akasema lililofanyika na aliyelifanya. Uwanja kwa uwanja nyundo zikaacha kugonga, watu wakainuka na kukinga macho jua wamwone vizuri, na wale wa mbali kabisa wakapaza sauti kuuliza amesema nini, ikabidi aanze tena.